Tawi la Kichochoroni

Mimi ni mtu wa bara, wa mahindi na maharagwe, na huko kwetu mti usiozaa cha kula, usiotoa mbao wala kuni, watu huuliza unafanya nini shambani. Kwa hiyo siku mke wangu alipoingia na mche wa mlangilangi ndani ya kopo la maziwa ya unga, wakati nyumba yetu ya Utange haijapigwa hata lipu, nilimwambia mahali pale nilipapangia parachichi. Alikuwa mzaliwa wa pwani, na sisi watu wa bara alituonea huruma katika mambo kadhaa.

"Parachichi lako lipande huko nyuma, karibu na choo," akasema. "Hapa mbele nataka harufu."

Parachichi lilikufa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na ukichimba kidogo tu jembe linagonga jiwe. Mlangilangi haukufa kwa sababu aliulea kama mtoto. Aliunywesha maji aliyooshea mchele, na maji matamu ya mkokoteni yaliyobaki mtungini. Aliomba samadi ya mbuzi kwa majirani, akafunika shina kwa makuti makavu ili jua lisiukaushe udongo. Ulipotupita kimo akaniamuru niukate kichwa. Nikadhani amechoka nao, nikafurahi. Kumbe mlangilangi ukiachwa huenda juu moja kwa moja, maua yakabaki ya kunguru. Ukikatwa kichwa hutanua matawi, mtu akachuma amesimama chini. Tangu hapo kila mwaka, kabla ya masika, nilipanda na msumeno, yeye akasimama chini kunielekeza, na kila mwaka tuligombana ni tawi gani liondoke.

Maua yenyewe kwa macho si kitu. Ni marefu, yamelegea, yanaanza kijani kisha yanakuwa manjano, na mgeni anaweza kudhani yamenyauka. Lakini jua likishuka, harufu yake inafika hadi kituo cha tuktuk.

Wanawake wa mtaani walikuja alasiri, hasa kukiwa na harusi. Walisimama langoni wakaita, "Mwenye mti!" naye akaitika kutoka jikoni, "Abee!" Mwenye mti ndilo lililokuwa jina lake mtaa mzima. Waliingia wakachuma, wakakaa barazani, wakachanganya langilangi na asumini na rehani, wakashona vikuba, vile vishada ambavyo mwanamke hubana nguoni anukie. Malipo ya mke wangu yalikuwa kikuba kimoja. Alikivaa jioni hiyo, na kesho yake akakilaza sandukuni katikati ya leso zake. Mimi nilikuwa fundi wa winchi bandarini, kutwa nzima nasikia vyuma, na nikirudi niliwasalimu nikapita ndani, nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba nyumba hii imekuwa soko.

Alifariki mwaka juzi, mvua za vuli zikianza. Baada ya matanga ndugu zake walikuja wakagawana leso kama ilivyo desturi. Sanduku waliniachia. Kwa muda ukilifungua lilinukia, halafu likaacha. Watoto wako Nairobi, hunipigia simu Jumapili wakaniuliza nimekula nini, nikawajibu wali wa nazi, hata kama nimekula mkate mkavu.

Mti haukujua lolote. Ulitoa maua vilevile, mengi hata kuliko kawaida, na hakuna aliyeita langoni. Mwanzoni nilifikiri wananipisha na msiba. Kisha nikafikiri labda ile kauli ya soko waliisikia. Maua yalianguka, yakawa meusi, nikayafagia asubuhi, nikayafagia tena jioni. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba friji ikianza kunguruma nilishtuka. Nilitamani soko lile lirudi. Nilitamani sana, na sikuwa na wa kumwambia.

Mwishowe nilimkuta dukani bibi wa nyumba ya pili, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza ushonaji barazani kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wajionaje?"

"Mzima. Mama, maua yanaoza. Waambie wenzako waje wachume."

Akaweka kikapu chini. "Twayaona, baba, na harufu yatufikia hadi vitandani. Lakini nyumba haina mtu mke. Mwanamke ataingiaje kwa mwanamume aliye peke yake? Si kwamba twakudhania mabaya, wallahi. Ni macho ya watu."

"Mama, mimi ni mzee."

"Wazee ndio hao hao," akasema, akacheka, akachukua kikapu chake.

Siku hiyo nilichuma ndoo nzima nikaiweka nje ya lango, kila mtu ajitwalie. Mbuzi walifika kwanza.

Nilikaa barazani nikautazama mti kwa muda mrefu. Kama wao hawawezi kuingia, basi mti ndio utoke. Palikuwa na matawi mawili yaliyoelekea kichochoro kilicho nje ya ukuta wetu, ila yalikuwa juu mno na yametazama angani. Kuyavuta kwa nguvu haifai, maana mti ule ni mwepesi kuvunjika. Nikafunga kamba pana kwenye tawi lililokuwa nene zaidi, nikaning'iniza dumu la rangi lililokatwa juu, nikawa natia maji kidogo kidogo, tawi lizoee uzito. Kazi yangu yote ilikuwa kuinua vitu vizito. Hii ya kuteremsha nilijifundisha mwenyewe. Likaanza kuinama. Nikajisifu.

Kisha ikanyesha mvua moja ya masika, dumu likajaa hadi pomoni, na asubuhi tawi lilikuwa chini, limechanika hadi kwenye shina. Niliitukana mvua, nikalitukana dumu. Halafu nikalia, mzee mzima nimesimama kwenye matope, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunigombeza kwamba nimechagua tawi baya.

Likabaki moja. Safari hii nilitumia dumu dogo la mafuta ya kupikia, lenye kifuniko, na maji niliyapima kwa kikombe cha chai. Kila nilipoongeza kikombe nililala na wasiwasi. Miezi ya baridi ikapita hivyo. Tawi lilipokaribia ukuta nilipanda na patasi nikabandua vile vigae vya chupa tulivyowawekea wezi, ili mtu asijikate mkono. Jirani mmoja akaniuliza kama nimeshaamua kuwarahisishia kazi. Nikamwambia aje aone mimi nina nini cha kuibwa.

Lilipovuka likatoa maua, yakaning'inia kichochoroni usawa wa kichwa cha mtu. Nikakaa ndani, nikasubiri. Zikapita siku nikiona yanaiva na kuanguka upande ule kama yalivyoanguka huku.

Alasiri moja, mtaa ukiwa na harusi, nilikuwa jikoni nachemsha chai nikasikia sauti nyuma ya ukuta. Nikazima jiko, mlio wake usije ukawafukuza. Kikohozi kikanijia, nikakizuia kwa kiganja. Walichuma, wakalalamikia bei ya nyanya, wakamteta bwana harusi kwamba ni mfupi. Mmoja akamtaja mke wangu, jinsi alivyokuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia. Nilikuwa nimelisahau hilo. Wakakaa hapohapo chini ya tawi, wakashona, na mimi nikasimama kwenye sakafu ya jikoni, kikombe kitupu mkononi, hadi miguu ikaniuma.

Kisha sauti ya yule bibi ikaita, kwa mazoea tu nadhani, "Mwenye mti! Chako hiki!"

Nilikuwa nangoja mke wangu aitike. Nilingoja kweli, nimegeuza uso kuelekea mahali alipopenda kusimama, pale kwenye sinki, hadi nilipoona sinki na kitambaa changu kilichokauka juu yake.

"Naam," nikasema. Sauti ilitoka mbaya, maana tangu asubuhi sikuwa nimeitumia.

Halafu bibi akasema, taratibu, "Tumekitundika langoni, baba."

Nilisubiri nyayo zao ziishe. Kikuba kilikuwa kwenye komeo, langilangi mbili katikati, asumini pembeni, bado kina umaji. Nikakipeleka chumbani kwa mikono miwili, nikafungua sanduku, nikakilaza ndani, chini kabisa, mahali zilipokuwa leso, nikafunga.