Mbayuwayu wa Tarehe Ishirini na Tano

Dada yangu Euphrasie anavaa viatu namba arobaini na mbili, na kuanzia mwezi wa tatu viatu vyake vyote vinanuka kinamasi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani naandika habari za mtakatifu. Tunakaa nyumba moja Schaerbeek, huku Ubelgiji, mlango wetu ni mmoja, na kila asubuhi ni mimi ninayeruka matope yake nikitoka kwenda kufungua saluni yangu kule Ixelles.

Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Anawaogesha, anawavalisha, anawapa dawa, na zaidi ya yote anawasikiliza. Mzee wake wa saa tatu asubuhi anakaa Etterbeek na anaitwa papa Jean-Pierre. Ni mtu wa kwetu Uvira, alikuwa mwalimu wa biolojia kabla ya vita kumtoa. Tangu mwaka aliofika Ubelgiji ana daftari moja la jalada la kijani, na ndani yake huandika tarehe aliyomwona mbayuwayu wa kwanza wa mwaka. Anasema ni wale wale waliokuwa wakijipanga kwenye nyaya za umeme nje ya darasa lake, wakija huku kutaga baridi inapoanza kulegea. Ameandika miaka ishirini na saba, na sheria ya daftari ni moja tu: kinachoandikwa ni kile kilichoonekana. Kilichosikika hakiandikwi, na kilichotamaniwa ndiyo kabisa.

Miaka mitatu iliyopita miguu ya papa ikagoma. Akampa dada yangu darubini yake na kumwomba awe macho yake. Nilicheka nusura nikae chini. Euphrasie, ambaye kwetu hakumjua ndege mwingine zaidi ya kuku, na kuku mwenyewe akiwa tayari kwenye sufuria! Lakini akaanza kuamka saa kumi na mbili na kwenda Moeraske, kinamasi kidogo kilicho nyuma ya reli, dakika kumi kutoka kwetu. Akajifunza bata maji, akajifunza kukuziwa na yule ndege mdogo wa majani anayerudia sauti mbili mchana kutwa kama bomba linalovuja. Akifika kwa papa anavua viatu mlangoni, anaviweka juu ya gazeti, anasimulia. Papa analala sebuleni, kitanda chake kimeelekezwa mlangoni. Saa hiyo ya kusimulia haimo kwenye ratiba ya kazi, wala halipwi. Nilishamwambia. Alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina.

Mwaka huu papa alishikwa na kikohozi kibaya mwezi wa tatu. Siku mbili hakula. Daktari alizungumza na binti yake, Jémima, kwenye korido, kwa sauti ile ya chini ambayo kila mtu anaielewa. Na Jumanne ya tarehe ishirini na tano Euphrasie hakuweza kwenda kinamasini, kwa sababu mwenzake kazini alikuwa mgonjwa na alilazimika kuanza na mzee mwingine alfajiri. Akaingia kwa papa na bakuli la supu mkononi.

"Alors, maman Euphrasie," papa akauliza, "hirondelle ilishafika?" Mbayuwayu yeye humwita hivyo, kwa Kifaransa.

Sasa, mtu wa kwetu haendi kumwona mgonjwa na habari mbaya mdomoni. Hata kama nyumba ya mgonjwa imeungua, utamwambia mbuzi wake amezaa mapacha. Habari ya moto atapewa akipona. Tumelelewa hivyo, na Euphrasie hajawahi kulelewa vingine.

"Ilishafika, papa. Moja tu, une seule."

"Uliiona na macho yako?"

"Na macho yangu. Ilikuwa napita juu ya matete, chini-chini, kando ya mayi."

Papa akala supu yote, kisha akaomba daftari. Akaandika, akalifunga, akaliweka chini ya mto.

"Bon," akasema. "Kama ninakufa mwaka huu, angalau kitabu yangu inaisha na hirondelle."

Jioni hiyo dada yangu alirudi nyumbani akakaa jikoni na koti lake mwilini.

"Nilimudanganya papa," akasema.

"Kwa nini?"

"Ni mugonjwa! Muntu hakule siku mbili, nimwambie hakuna kintu?"

"Sasa amekula. Nyamaza, iishe."

"Haiwezi kuisha. Ile kitabu haina uongo hata moja, miaka vingt-sept. Akikufa, mustari ya mwisho ni uongo yangu."

Nilimwona analia, na Euphrasie halii ovyo. Tulipowazika wazazi wetu yeye ndiye aliyekuwa akipika.

Kufika Jumamosi alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa wa kitoto. Tungekwenda pwani. Ndege wanaotoka mbali, alisema, huonekana pwani mapema, na kama huko mbayuwayu walishapita katikati ya wiki, basi uongo wake ungekuwa umebakiza hatua chache tu kuwa kweli. Nikamwambia uongo si treni, hauchelewi ukafika. Akaniambia nivae soksi mbili.

Basi tukapanda treni kutoka stesheni ya Kaskazini mpaka Knokke, kisha basi, kisha miguu, mpaka Zwin, pale bahari inapoingia kwenye majani na kutoka. Upepo ulinipiga mpaka meno. Nilikuwa nimeapa kununa siku nzima, na nilinuna vizuri tu hadi tulipofika kwenye viota vya korongo. Wanasimama juu huko, wanatupa vichwa nyuma na kugonganisha midomo, tak-tak-tak-tak, mke na mume, wakisalimiana kama watu waliogombana jana. Kwenye maji ya kina kifupi kulikuwa na ndege weupe wenye mistari myeusi, midomo yao imepinda kwenda juu, wanafagia tope kushoto na kulia.

"Avocette," dada yangu akaninong'oneza. "Tazama mugulu yake. Bleu!"

Na kweli miguu ilikuwa ya buluu. Aliniwekea darubini machoni, akanishika mabega akinigeuza pole pole, na kwa nusu saa alisahau shida yake. Uso wake ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na mbili. Nampenda sana dada yangu, na sijui kwa nini nilihitaji baridi ile yote ili nilikumbuke.

Mbayuwayu hatukumwona. Alikuwapo bwana mmoja mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu, mtu anayekuja pale kila siku. Euphrasie akamuuliza. Bwana akatabasamu, akasema bado, pwani hii yote hajaonekana hata mmoja, upepo umewazuia kusini. Wiki mbili, pengine.

Treni ikafika Bruges. Hapo akasema, "Jumatatu tunaenda wote kwa papa." Saluni yangu hufungwa Jumatatu, kwa hiyo hata kisingizio sikuwa nacho.

Jumatatu papa alikuwa ameketi, mito mitatu mgongoni. Nilimsalimu, nikabaki karibu na mlango. Dada yangu alisimama mbele ya kitanda, mikono imeshikana, kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani.

"Papa, unisamehe. Ile hirondelle ya tarehe vingt-cinq, sikuiona. Sikufika hata ku Moeraske. Ulikuwa mugonjwa, nikaona haya kuingia na mikono mitupu. Pardon, papa. Ufute ile mustari."

Papa akaingiza mkono chini ya mto, akatoa daftari, akanipa mimi.

"Weye mudogo, usome. Macho yangu inachoka."

Nikatafuta ukurasa wa mwisho. Juu kulikuwa na tarehe za nyuma, mwaka baada ya mwaka, kila moja na neno lile moja, hirondelle. Chini, kwa mwandiko uliokwenda mbio na kuanguka, kulikuwa na mstari mpya. Nilisoma kwa sauti:

"25 Machi. Sikuona hirondelle. Nimeona viatu vya Euphrasie juu ya gazeti, vikavu. Amenidanganya ili nile. Nimekula."

Dada yangu alifunika mdomo kwa viganja viwili.

"Mi ni muntu ya Uvira," papa akasema. "Unafikiri sijue vile tunapelekeaka mugonjwa habari? Na mi niliwapelekea watu. Niliandika kile niliona. Sitafuta."

"Basi hirondelle iko wapi, papa?" nikauliza, kwa sababu mtu fulani alipaswa kuuliza kitu.

"Muulize ule anaendaka kutazama."

Euphrasie alipangusa macho. Nikamwona anavuta pumzi, anajikaza, mwanamke wa miaka hamsini na minne anayempa mgonjwa habari mbaya kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Haijafika, papa. Hata moja."

"Bon," papa akasema. "Supu iko?"

Mbayuwayu alikuja tarehe nane mwezi wa nne, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwepo, maana siku hizi mimi nami huenda, na mtu asiniulize kwa nini. Alipita mara mbili juu ya maji, mgongo wake ukang'aa, akapotea upande wa reli. Dada yangu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Kisha akakimbia, nami nyuma yake, mpaka kwenye basi, mpaka Etterbeek, mpaka ghorofa ya tatu. Gazeti lilikuwa limetandikwa mlangoni kama kawaida. Akalipita. Akaingia na matope yake yote, zulia zima, hadi kitandani, anahema, hawezi hata kusema.

Papa Jean-Pierre aliangalia viatu kwanza, halafu akampa daftari na kalamu.