Friji la Mama Kusimama Sebuleni

Kaka yangu mkubwa alipotajirika Dar, enzi zile za ruksa, wakati kila mwenye kimeza cha sabuni alijiita mfanyabiashara, alimletea mama friji. Si la umeme. Kwetu Marangu juu umeme ulikuwa haujafika. Lilikuwa friji kuukuu la mafuta ya taa, alilolinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago kwenye shamba la kahawa. Alilishusha, akapiga nalo picha, akarudi mjini. Lilikuwa bovu, lakini hilo halikumhusu.

Mimi ndiye kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi na kihamba chake cha migomba, na pamoja na hivyo hurithi kila kazi ambayo wenzake wameikimbia. Mama alikuwa na kisukari. Alichomwa sindano kila asubuhi, na mchomaji ni mimi. Nesi alishatuonya kwamba dawa ile ikipata joto inakufa. Nilikuwa naiweka chupa kwenye mtungi wa maji ya mfongo, ule mfereji unaoteremka kutoka mlimani, nabadilisha maji asubuhi na jioni, na moyo haukutulia hata siku moja.

Kwa hiyo friji nililitaka, tena sana. Niliwahi kufagia zahanati iliyotunza chanjo kwenye friji kama lile, nikazijua tabia zake. Nilikwangua masizi kwenye bomba la moshi, nikakata utambi ukawa sawa, moto ukawaka wa bluu. Wapi! Ndani joto vilevile. Nikalipindua miguu juu, likakaa hivyo siku kadhaa, ili maji na gesi vilivyokwama kwenye mabomba yake virudi mahali pake. Majirani wakaja kuchungulia, wakidhani nimerukwa na akili. Kisha nikalisimamisha stoo na kulisawazisha kwa vibao, mpaka maji ya bakuli niliyoweka juu yake yakakaa sawa pande zote. Friji la namna hii halina mota. Likiinama kidogo tu, linasusa.

Asubuhi moja mama aliingiza mkono ndani, akautoa na kipande cha barafu, akacheka kama msichana.

"Mwanangu, sasa nitalala usingizi."

Nililia, wala sioni haya kusema.

Krismasi ikafika, na kaka akaja kwa kishindo chake. Wote walioko mjini hurudi nyumbani Krismasi, ila wengine huja kusalimia na wengine huja kuonekana. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Friji langu mmelitupa stoo na magunia ya kahawa? Mnanidharau?"

Akaita vijana, likahamishiwa sebuleni, mkabala na mlango, na juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Sasa, sakafu ya sebule ile baba aliijenga ikiinamia mlangoni, ili maji ya kudekia yatoke yenyewe. Nikaleta vibao vyangu. Akavipiga teke.

"Kaka, bila hivi halipozi."

"Wageni wangu waone friji limetegeshwa kama kitanda cha kibarua? Toa takataka zako."

Haya, bwana mkubwa amesema. Friji likasusa siku hiyohiyo, na mimi nikairudisha dawa mtungini kimyakimya. Kaka akamfuata fundi huko chini ya mlima, Njoro mjini, fundi wa redio na pasi aliyejipachika ufundi wa mafriji tangu mitumba ilipofurika. Mtu mzima akalizunguka friji, akachungulia nyuma, akapiga magoti, akainuka.

"Mota yake iko wapi?"

Ebo! Akamtazama kaka, kaka akatazama dari. Mwishowe fundi akatangaza kwamba gesi imeisha, akagongagonga bomba kwa bisibisi, akala sahani mbili za ndizi nyama, akasema friji lipewe muda. "Unaona mtaalamu?" kaka akaniambia.

Siku ya Krismasi sebule ilijaa. Kaka akafungua friji kwa madaha, mlango wazi hadi mwisho, akagawa bia. Bia vuguvugu kama mkojo wa mbuzi! Mgeni wa kwanza akapiga funda, akafumba macho.

"Aah! Baridi mpaka kwenye meno!"

Na wengine wakaitikia, baridi, baridi kabisa. Watu wazima hao, wenye mbege nzuri ya ndizi majumbani mwao, wanasifia uongo kwa sababu umetoka kwenye mlango mweupe. Kaka akasimama kuhutubia, akajipiga kifua kwamba friji lile ndilo linalotunza dawa ya mama. Makofi. Kisha mama naye akasimama, akamshika mkono.

"Bila mwanangu huyu, mimi ningekuwa kaburini."

Asubuhi ileile nilikuwa nimeitoa dawa yake mtungini. Nikatoka, nikaenda kusimama kwenye migomba.

Kaka alipoondoka nilimuuliza mama, nikiwa nimeshika sindano.

"Mama, kwa nini ulisema vile? Unajua dawa ilikuwa wapi."

"Najua," akasema. "Wewe nisipokushukuru, kesho nitakuona. Yeye nisipomshukuru, Desemba haji."

Nilivirudisha vibao vyangu chini ya friji palepale sebuleni, likagandisha mwaka mzima. Desemba ilipokaribia nikavitoa kwa mikono yangu mwenyewe, kaka asivikute, nikairudisha chupa mtungini, nikafuta mlango mpaka ukang'aa.

Kaka akaja. Wageni wakajaa. Safari hii bia ya kwanza alinipa mimi.

"Vipi, mdogo wangu?"

Mama alikuwa ananitazama. Nikapiga funda, nikalimeza.

"Baridi kabisa, kaka."