Masika, Binti wa Kambale

Juzi katika cyber moja ya intaneti mtaani Kimemi, hapa Butembo, nilikaa karibu na mama aliyetaka kuisikia tena sauti ya marehemu baba yake. Mzee alikuwa ameweka hadithi za Kinande kwenye tovuti, akizisimulia mwenyewe. Alipofariki, hakuna aliyekumbuka kulihuisha jina la tovuti hiyo, na kampuni ya ng'ambo inayosajili majina hayo ikalifungia.

Mwenye cyber aliwaandikia tena kwa Kifaransa, akiomba mama apewe jina hilo, kisha akamsomea jibu.

"Mama Masika, banasema jina yenu ya famille haifanane. Kwa bo, weye hauko mutoto yake."

Mama akapiga meza kofi dogo. "Mais, baambie! Papa ni Kambale sababu alizaliwa kijana wa pili. Miye ni Masika sababu niko binti wa kwanza. Tutafanana namna gani?"

"Nimeshabaandikia ile mara tatu."

"Donc baangalie pua!" Akaisogeza pua yake kwenye kamera ya kompyuta, tukacheka wote.

Akawaandikia tena, na jibu jingine likaja. Mwenye cyber alilisoma polepole, bila kuinua macho: "Asante kwa uvumilivu wako. Tafadhali, mwenye jina la tovuti atuandikie yeye mwenyewe."

Simlaumu aliyejibu. Huenda kwao kila mtoto hubeba jina la baba yake, na huenda alikuwa na barua mia za kujibu.

Mama alikaza kitenge chake, akasimama.

"Baandikie hivi," alisema. "Siku Papa atabaandikia, baniite mbio. Na miye niko namungojea."