Bahari ya Sebuleni kwa Selina Tulk

Selina Tulk alikuwa keshapita hamsini alipoamua kuweka bahari sebuleni, na mtu wa kwanza kumcheka alikuwa baba yake mzazi.

"Tangi?" mzee Eliakim aliuliza, kikombe cha chai kikiwa kimesimama njiani kuelekea mdomoni. "La nini? Unataka kufuga chewa humu ndani?"

"Samaki wadogo, Baba. Wa rangi."

"Wa kuliwa?"

"Wa kutazamwa."

"Mh! Samaki wa kutazamwa. Kweli huku bara mmeharibikiwa."

Selina alizaliwa Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada, kwenye nyumba ambayo bahari ikichafuka ilitema povu mpaka dirisha la jikoni. Serikali ilipofunga uvuvi wa chewa, kijiji kizima kilibaki kimekaa vibarazani hakina la kufanya, naye akafuata wenzake magharibi, Alberta. Alipika kwenye kambi za wachimba mafuta, akafua mashuka hotelini, mwishowe akapewa basi la shule la njano katika mji wa Red Deer. Ameliendesha mpaka watoto aliowabeba zamani sasa wanamkabidhi watoto wao. Lakini bahari haikumtoka. Kuna shamba la ngano mwisho wa njia yake, na asubuhi akishamaliza kushusha watoto hulisimamisha basi pale, huzima injini, hufumba macho. Upepo ukipita juu ya ngano unakaribia kufanana na mawimbi. Unakaribia tu.

Vuli iliyopita baba yake aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake kule kisiwani. Selina akapanda ndege, akamleta. Mzee alikubali kwa sharti moja: barafu ikiyeyuka, anarudi kwake. Sharti hilo alilisema kila siku, akitafuna mkate, akifunga viatu, hata akimwombea mtu aliyepiga chafya. Na kila alipolisema, Selina aliiona ile nyumba peke yake juu ya mwamba, majirani wote wamehama, mzee ameanguka tena na hakuna wa kusikia.

Kwa kifupi, tangi lilikuwa mtego. Kama mzee ataipenda bahari ya sebuleni, huenda akaisahau ile nyingine.

Muuza samaki wa mjini aliitwa Corwin, mwanamume mwenye ndevu zilizofika kifuani. Selina alimweleza anachotaka: maji ya baridi, ya kijivu, mwani wa kahawia, kome na ukungu wa kutosha.

Corwin alicheka. "Mama, ukungu sina. Na maji ya baridi yanataka mashine ya kupoza, hiyo ni kazi ya mtu aliyekwisha kuua samaki wengi. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Anza na bahari ya joto."

"Bahari ya joto siijui."

"Basi mtajuana."

Kwa hiyo Selina akaanza na bahari ya watu wengine. Akakoroga chumvi maalumu kwenye maji yaliyochujwa, akamwaga mchanga mweupe, akapanga mawe aliyouziwa yakiwa yamefungwa kwenye magazeti mabichi. Alipoyafungua, harufu ikatoka: pwani yenyewe, maji yakiwa yamekupwa, mwani umelala juani. Alikaa chini kwenye zulia na jiwe mapajani, sketi ikilowa, wala hakujali.

Mzee alivuta hewa kidogo tu. "Hiyo siyo yetu," akasema. Lakini hakuondoka.

Sehemu iliyofuata ndiyo ngumu kuliko zote kwa mgeni wa mambo haya, maana hakuna cha kufanya. Maji mapya hayawezi kubeba samaki. Uchafu wake mwenyewe utamuua, mpaka vizaliwe vijidudu visivyoonekana vya kuula uchafu huo. Na vijidudu hivyo lazima vilishwe. Corwin alimwambia Selina atumbukize kamba mmoja mbichi, wa kula, amwache aoze humo humo.

Mzee Eliakim aliwapigia simu wavuvi wenzake wa zamani, makusudi awasimulie. "Sikilizeni! Nimevua maisha yangu yote, na leo namwona binti yangu anaozesha kamba mzima sebuleni, kisha anawasha taa ili tumwone vizuri!"

"Baba, ni utaratibu."

"Najua, mwanangu. Hata mazishi yana utaratibu."

Wakaishi na kamba yule. Wiki zikapita, maji yakawa kama supu, kisha siku moja yakatakata yenyewe. Selina akarudi dukani, akaja na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, mdogo kama kidole gumba. Samaki alizunguka mawe, akachagua pembe, akaanza kuipigania dhidi ya kivuli chake kwenye kioo.

"Mpumbavu huyu," mzee akasema kwa furaha. Kesho yake kiti chake kilikuwa kimegeuzwa, mgongo kwa televisheni, uso kwa tangi.

Selina aliliona hilo. Moyoni alikuwa anaimba. Hata lile sharti la barafu lilipungua, likawa la mara moja moja, kama kikohozi kinachokaribia kupona.

Ila jambo moja lilimshangaza. Baridi ya Alberta inapokaza, jiko la kupasha nyumba huunguruma mchana kutwa na hewa hukauka mpaka midomo inapasuka. Corwin alikuwa amemwonya kwamba maji yatapungua haraka. Lakini maji ya Selina hayakupungua. Kila akirudi kazini yalikuwa palepale kwenye alama. Akajisifu kwamba amefunika vizuri.

Kisha alasiri moja akamkuta samaki amelala ubavu kwenye mchanga, mashavu yakienda mbio. Akachota maji kidogo, akayapima. Mshale wa kipimo cha chumvi ulikuwa umepita mbali eneo la salama.

"Baba! Kuna mtu amegusa haya maji?"

"Nimegusa mimi. Nayaongeza kila siku ukienda kazini. Yanashuka, hujui?"

"Unaongeza nini?"

Mzee alimtazama kama anayeulizwa jina lake. "Maji ya chumvi. Nakoroga mwenyewe, ile ndoo yako. Sasa ulitaka nijaze bahari kwa maji matamu?"

Selina alikaa. Ni jambo dogo, lakini hebu lifikirie: maji hupaa kama mvuke, chumvi haipai. Inabaki yote. Ukirudisha maji ya chumvi juu ya chumvi, kila siku unaikaza bahari kidogo. Alimweleza hivyo polepole. Mzee alisikiliza akiwa ameweka mkono juu ya kioo.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemuua."

"Hujamuua. Tutayalegeza kidogo kidogo. Tukifanya haraka ndiyo atakufa."

Walitoa maji ya chumvi kwa kikombe, wakarudisha matamu kwa kikombe, wakaacha, wakarudia siku iliyofuata. Mzee hakutaka kupokezana, alishika kikombe yeye. Siku ya tatu samaki aliinuka, akaenda moja kwa moja kugombana na kivuli chake.

Selina akaona wakati umefika. "Baba, unaona anavyokuhitaji. Barafu ikiyeyuka, bado unataka kwenda?"

"Hii yako ni nzuri, mwanangu. Lakini nikilala mchana, inapungua. Ile ya kwetu sijawahi kuijaza hata kikombe. Inakwenda, inarudi, na mimi nipo tu dirishani. Ndiyo ninayoitaka, ile isiyonihitaji."

Selina alitamani kumbishia. Alikuwa na maneno mengi, juu ya ngazi, juu ya majirani waliohama. Lakini pua yake ilikuwa juu ya tangi, na ile harufu ya mawe ilikuwa bado ipo, imefifia, na yeye pia akaitaka ile ya kwao.

"Basi nitakupeleka mwenyewe," akasema. "Corwin atamwangalia huyu. Wiki mbili."

"Wiki mbili tu?" baba yake akauliza.

Selina alichota kikombe kingine cha maji matamu, akakimimina taratibu.