Grisi ya lori kwenye kompyuta

Leo nimetukaniwa mwanangu mbele ya watu, hapa hapa Nyamongo.

Ghati wangu ni fundi kompyuta, tena fundi kweli! Juzi alimpakia mteja mmoja, fundi malori, pesti ya kupoozea prosesa, ule ubongo wa kompyuta yake. Tone dogo tu, kama punje ya mtama. Ndivyo inavyotakiwa.

Leo karudi anafoka: "Huyu binti kanibania dawa! Mashine inachemka, inazima!"

Ghati akaifungua.

Jamani, ndani kumejaa grisi ya lori! Kajiongezea mwenyewe!

Akaona aibu? Wapi! Eti, "Mama Ghati, mtafutie tu mume."

Mwanangu akafuta yote, akapaka upya.

Nyie mngemjibu nini?

Kompyuta imeshapoa. Mimi bado.