Kitako cha Chuma

Mwaka 1979, jeshi la serikali iliyopinduliwa liliposambaratika, mume wa Ayikoru, aliyekuwa askari wake, alitoroka Koboko bila kuaga. Alimwachia watoto wawili na kisu cha kijeshi.

Kilikuwa chuma kimoja tangu ncha hadi mwisho wa mpini. Mpini ulikuwa pete za ngozi zilizobanwa pamoja, na mwisho wake kitako cha chuma. Kwa kisu hicho Ayikoru alichimba muhogo na kupasua kuni; kwa kitako alipigilia vigingi vya mbuzi.

Jeshi jipya lilipokaribia na watu wakaanza kukimbilia Kongo, jirani yake Nora alimsihi, “Dada, tupa hiyo kitu. Askari wapya wakiiona watajua bwana yako alikuwa jeshini, watakuua.”

“Nikitupa, nitachimbia watoto na nini? Na meno?”

Akazichoma zile pete, akazungushia chuma matambara kama kisu cha jikoni. Kitako alikiacha, maana hakuwa na nyundo nyingine.

Karibu na mpaka, askari wa jeshi jipya alikitoa kisu kikapuni mwa Ayikoru.

“Kisu ya muhogo, afande,” Ayikoru aliharakisha kusema.

Askari akakigonga kitako kwa ukucha. “Kisu ya muhogo iko na kofia ya chuma? Na bwana yako, iko na kofia gani?”

Ayikoru akapiga magoti. “Alituacha na njaa, afande. Hiyo tu aliacha.”

Askari aliwatazama watoto, akakichomeka kisu mkandani mwake, akawaruhusu kupita.

Ng'ambo, mwenye shamba mmoja aliwaonea huruma, akawaonyesha shina la muhogo. Ayikoru akainama, akaanza kuchimba kwa kucha. Udongo ulikuwa mkavu kama tofali.