Faini ya Mama Mukubwa

Harufu ya hamira na moshi wa mkaratusi ndiyo iliyoniamsha kila siku katika likizo ile kubwa, nilipokuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimepelekwa kukaa Nyakasanza, mtaa mwingine wa mji wetu wa Bunia, kwa dada mkubwa wa mama yangu, ambaye nilimwita Mama Mukubwa, kama watoto wa Bunia wanavyowaita dada wakubwa wa mama zao. Alikuwa mjane kutoka upande wa Mahagi, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alioka mikate katika tanuri la udongo nyuma ya nyumba. Kabla jua halijachomoza alikuwa amekwisha kuipanga katika kreti ya mbao, ameifunika kwa kitenge kilichochakaa na kuifunga nyuma ya baiskeli. Wanawake waliopanda baiskeli mjini wakati ule walihesabika, na majirani hawakuacha kumsema. Yeye alikanyaga pedali tu. Vioski saba vilimngoja, na watu wanaowahi kazini hununua mkate ukiwa bado na moto au hawanunui kabisa.

Wiki ya pili ya likizo dinamo ya baiskeli ilikufa na taa ikafa pamoja nayo. Mama Mukubwa alisema angemtafuta fundi baada ya Jumapili. Jumapili haikufika. Asubuhi moja ya ukungu, mimi nikiwa nimekaa mbele juu ya fremu, askari mwembamba aliyevaa koti lililomzidi alijitokeza kando ya barabara na kunyoosha mkono. Alikuwa mmoja wa askari wa barabarani, ambao sisi tuliwaita rulaji.

"Mama, taa iko wapi?"

"Dinamo iliharibika."

"Kupanda baiskeli mu giza bila taa ni amande. Baiskeli inabakia kwa kituo mupaka utalipa."

Mama Mukubwa hakuibishia hiyo amande, yaani faini. Alishuka, akanishusha, kisha akaanza kufungua kamba za kreti. Askari akamwambia aiache, kila kitu kinabaki. Alimgeukia bila kuinua sauti.

"Mimi njo niliendesha bila taa. Mukate haikuendesha kitu. Baiskeli ibakie, mukate iende."

Askari aliitazama kreti, akamtazama mwanamke, akaitazama tena kreti. Nadhani hakuna aliyewahi kumwekea hoja ya namna hiyo. Mwishowe alisogea pembeni. Mama Mukubwa akajitwika kreti, akanifungia mikate kumi ndani ya kitenge, tukaenda kwa miguu. Tulipofika kioski cha saba jua lilikuwa limepanda na mikate imepoa. Mwenye kioski akachukua nusu.

Tulirudi kituoni moja kwa moja. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali, na ndani yake mkubwa wa askari, mtu mnene mwenye miwani, alikuwa ameketi nyuma ya meza tupu. Alitaja faini. Mama Mukubwa alifungua pindo la kitenge chake, akaweka fedha mezani, akaacha kiganja chake juu yake.

"Nipe karatasi, Komanda."

"Kitabu ya risiti iliisha, mama."

"Itakuja lini?"

"Sijue."

Alizirudisha fedha kwenye pindo. "Basi nitangojea," akasema, akatoka na kuketi kwenye benchi la nje. Siku iliyofuata alirudi na ungo wa maharagwe ya kuchambua. Ndivyo ilivyokuwa siku nne: alfajiri tulitembea na mikate, yeye na kreti kichwani, mimi na beseni lililonikaza shingo, kisha tukaketi kituoni mpaka mchana. Askari walituzoea. Wengine walimsalimu kwa heshima, wengine walicheka. Mara moja Komanda alisimama mlangoni na kumwuliza, "Mama, weye unatafuta nini? Lipa, beba baiskeli yako, uende." Alimjibu kwamba anatafuta karatasi, akaendelea kutupa mawe madogo yaliyochanganyika na maharagwe.

Siwezi kusema kwamba nilimwonea fahari. Niliona aibu. Wanafunzi wa darasa langu walipita pale wakienda kisimani, na niliinamisha uso kana kwamba tumeiba kitu. Tena kazi ilikuwa ikiharibika. Siku ya tatu vioski viwili vilituambia, kwa upole, kwamba vimepata mwokaji mwingine anayefika mapema. Mama Mukubwa aliwashukuru wenye vioski kwa kumwambia. Jioni hiyo aliuma midomo akikanda unga, na unga aliokanda ulikuwa kidogo.

Siku ya nne, jua likizama, tulikuwa tunatoka kununua chumvi tulipoiona baiskeli yetu. Niliitambua kwa mlio wa mnyororo kabla sijamtambua aliyeipanda. Alikuwa yule askari mwembamba. Nyuma alikuwa amefunga bidoni mbili za maji, na mbele, juu ya fremu, mahali pangu, alikaa msichana mdogo asiye na viatu. Taa haikuwaka, maana hakuna aliyeitengeneza. Nilifungua kinywa kupiga kelele. Mama Mukubwa alinishika bega kwa nguvu.

"Nyamaza. Iko na mutoto."

Askari alituona. Alikanyaga pedali kwa haraka zaidi, maji yakamwagika njia nzima.

Asubuhi yake Mama Mukubwa hakuketi kwenye benchi. Aliingia ndani na kusimama mbele ya meza. Yule askari mwembamba alikuwa mlangoni.

"Komanda, ninakuja na ulizo. Hii amande ni ya baiskeli ao ni ya mwenye kuipanda?"

"Ni ya mwenye kuipanda."

"Basi jana magaribi kuko mwingine aliipanda, nayo haina taa. Sisemi ni nani. Lakini kama mimi ninalipa, naye alipe, na siye wote tupate karatasi."

Komanda alivua miwani. Alitazama mlangoni. Kisha akasema kwa sauti ya uchovu, "Mama, beba baiskeli yako bure. Maneno iishe."

Nilikwisha kusimama. Yeye hakusogea. "Hapana. Niliendesha bila taa, ni kweli. Niambie pahali ya kulipa."

Kulikuwa na mahali, kumbe. Komanda aliandika mistari miwili kwenye kikaratasi, tukatembea hadi ofisi ya mapato mjini, ambako karani alitushangaa, akapokea fedha na kupiga muhuri. Njia nzima nilimkasirikia. Alikuwa amepewa baiskeli yake bure, akachagua kulipa, na mimi ndiye niliyekuwa na shingo inayouma.

Tuliporudi, yule askari ndiye aliyeitoa baiskeli. Alikuwa ameiosha na kujaza upepo. Alisubiri Komanda aingie ndani, ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Mama, haukutaja jina yangu."

"Haukuniambiaka jina yako," akajibu, akanipandisha mbele.

Kioski kimoja kilirudi kwetu, kile kingine hakikurudi tena. Kama askari yule alilipa faini yake, sikujua kamwe.

Siku hizi Mama Mukubwa anaishi kwa mdogo wake Mahagi. Magoti yamemkatalia baiskeli na tanuri pia. Bunia imekuwa mji wa pikipiki, na wanawake wanaoziendesha hawamshangazi mtu. Mimi ni mmoja wao. Nafundisha shule ya sekondari ng'ambo ya mji, na watu husema nimefanana naye kwa urefu na kwa sauti. Mwaka jana, mapema asubuhi, nilisimamishwa kwa sababu taa ya mbele ilikuwa imepasuka. Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Nilikuwa na somo la kwanza, na nilikwisha chelewa. Nilimlipa pale pale nikiwa juu ya kiti, bila kuzima injini. Haikuchukua hata dakika mbili, na sikuomba karatasi.